Nani alimwona akiwa mzima?

Jana usiku binti yangu alinikuta na kidonge kiganjani akaniuliza, "Mbona unakunywa dawa kila siku na huumwi?" Nikamwambia ni dawa ya presha, kwamba presha haiumi, na kwamba ninakunywa ili nisije nikaumwa. Akaridhika, akaenda kulala. Mimi nilichelewa kulala, maana swali lile aliwahi kutuuliza Baba, tena kwa maneno karibu yaleyale. Ila Baba aliuliza akiwa ameshaamua kuacha.

Alikuwa amepimwa akakutwa na 170 kwa 100. Akapewa vidonge, akavinywa vizuri hadi kipimo kikashuka, na kiliposhuka akajiona amepona. Simlaumu. Homa ikiisha tunaacha dawa, na hakuna anayetushangaa. Lakini presha iliyoshuka kwa dawa inashikiliwa na dawa hiyohiyo. Ukiiacha inarudi juu, na kwa wengi hairudi na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Baba alijua. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Asubuhi ile Mama alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limevaliwa upande mmoja. Alikuwa akihangaika kuingiza mkono wa kulia na mkono haumtii. Alipoitwa akainua uso, mdomo umeshuka upande wa kulia, na alichokisema hakikueleweka hata neno moja. Mama akapiga kelele ya kutuita sote.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Jirani alikuja na glasi ya maji, Dada Mkubwa akamzuia mlangoni: mwenye kiharusi anaweza kushindwa kumeza, na maji yakamwingia mapafuni. Mjomba akataka apewe aspirini. Dada akaikataa nayo, kwa sababu kwa macho huwezi kujua kama mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, na kama umepasuka, aspirini inaongeza kuvuja. Kuna aliyesema tumlaze kwanza tuangalie hali yake. Hakusikilizwa, nashukuru. Gari likapatikana, tukaondoka.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Alimwambia Baba atabasamu, kisha anyanyue mikono yote miwili na kuishikilia hewani, kisha arudie sentensi fupi. Mkono wa kulia ulishuka polepole wenyewe. Muuguzi akamtoboa kidole kupima sukari, maana sukari ikishuka sana nayo huweza kuleta dalili kama hizo. Ilikuwa sawa. Ndipo daktari akatugeukia.

"Nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima? Na ilikuwa saa ngapi?"

"Nimemkuta hivi saa 1 asubuhi," Mama akasema.

"Siulizi saa uliyomkuta, mama. Nauliza saa ya mwisho aliyoonekana yuko sawa."

Mama akafikiri. "Tulilala saa 4 usiku."

Daktari akaandika, halafu akaacha kuandika. Ilikuwa saa 2 na nusu asubuhi. Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa, inayotolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza. Muda huo ukipita, hatari ya kuvuja damu kichwani huanza kuzidi faida. Na mtu akiamka na kiharusi, hesabu inaanzia pale alipoonekana mzima mara ya mwisho, hata kama ni jana yake usiku. Tulikuwa tumekimbia kadiri ya uwezo wetu, na kwa hesabu hiyo tulikuwa tumechelewa kabla hata Mama hajaamka.

Korido nzima ikanyamaza. Mama alikuwa ameshika kiatu kimoja cha Baba na hakuwa na habari kama amekishika. Kaka alikuwa akimtazama daktari machoni kama anayesubiri abadilishe kauli. Mimi nilikuwa nimeshikilia chuma cha machela, kilikuwa cha baridi, na nilikuwa ninarudia kichwani: saa 4 usiku, saa 4 usiku.

Nyuma yetu, ukutani, kitindamimba wetu akasema, "Mimi nilimwona."

Tukageuka sote. Alikuwa na mtihani siku ile, ameamka alfajiri kusoma. "Alipita sebuleni. Akaniuliza kwa nini nasomea gizani, nitaharibu macho. Akawasha taa kubwa."

Daktari akamsogelea, akainama. "Aliwasha kwa mkono gani, mdogo wangu?"

Mtoto akanyoosha mkono wake mwenyewe kuelekea ukutani, akaufuata kwa macho. "Huu. Wa kulia."

"Na maneno yalieleweka?"

"Yote. Alinigombeza kabisa."

"Saa ngapi?"

"Kengele ya simu ililia saa 11. Nilikuwa nimesoma kama ukurasa mmoja."

Daktari akakata ile saa 4 usiku kwa mstari, akaandika saa 11 na robo alfajiri, na kabla hajafika mwisho wa neno machela ilishaanza kusukumwa kwenda chumba cha picha.

Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja. Presha ilikuwa juu mno, ikabidi ishushwe kwanza chini ya 185 kwa 110, na dakika zile zilinitesa kuliko zote. Dawa ilianza kuingia mshipani saa 3 na dakika 20. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi kwa mazoezi marefu, na bado majina ya watu humponyoka. Mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Kikombe anakishika kwa kushoto.

Nimejiuliza mara nyingi kama tulikuwa na bahati au la. Kama kitindamimba angelala kama watoto wengine, daktari angebaki na ile saa 4 usiku. Na kama Baba asingeacha vidonge, huenda tusingesimama kwenye korido ile kabisa. Watu wakinisikia nasimulia hufurahia zaidi habari ya mtoto na taa. Mimi kila nikiisimulia nafikiria vidonge.

Kaka naye sasa amekutwa na 158 kwa 96. Nilimwomba arudie kupima siku nyingine, na apime inavyotakiwa: akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, asiongee. Ikatoka 156 kwa 98. Anasema anajisikia vizuri, na namwamini, kwa sababu Baba pia alijisikia vizuri. Nimemuuliza kama anaikumbuka korido ile. Amesema anaikumbuka vizuri sana, na dawa atafikiria. Jumapili nampigia tena.