Pasi ya mkaa: nunua yenye kutu, iache iliyopakwa rangi

Nikikuta pasi ya mkaa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, napita. Hata kama jogoo wake wa kufungia kifuniko kasimama vizuri na mpini haujachubuka, napita. Rangi ile mara nyingi imewekwa kuziba kitu, na kitu chenyewe ni ufa. Nipe iliyojaa kutu, iliyolala chini ya rimu za baiskeli kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hiyo tutaelewana, kwa sababu ubaya wake wote uko juu, unauona.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona kanzu na madera, na umeme ukikatika mteja wa Ijumaa hataki kusikia habari za umeme, anataka kanzu yake imenyooka. Ndivyo nilivyoingia kwenye pasi hizi. Nilianza na moja ya kazi, sasa zimejaa uvunguni na mume wangu kaacha kuuliza.

Kwenye chuma chakavu bei huanza na mizani. Pasi ya nyumbani huwa na kilo mbili hadi nne, za madobi zinazidi hapo. Ukionekana unaipenda, mizani inawekwa pembeni na historia inaanza.

"Dada, hiyo ya Mjerumani."

"Mjerumani yupi, mdogo wangu?"

"Si wale wa reli!"

Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na Waingereza waliuchukua mji 1916. Kwa hiyo pasi ya Mjerumani wa reli ina zaidi ya miaka mia moja. Zipo, sikatai, ila kwanza naipindua nitazame skrubu. Skrubu za nyota zilienea viwandani kuanzia miaka ya 1930. Nikiikuta ya nyota, ama pasi si ya enzi hizo, ama kuna fundi kaipitia katikati. Hakuna ubaya wowote hapo, lakini bei ya Mjerumani silipi. Wahindi wanazitengeneza mpaka leo, za chuma na za shaba, na mpya ikikaa mvuani masika moja hapa kwetu inazeeka yenyewe.

Baada ya skrubu nasikiliza. Naishika kwa mpini, naigonga ubavuni kwa kijiti. Nzima hulia, na mlio ukaendelea kidogo. Yenye ufa sauti yake inakatika palepale. Chuma hiki ni cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina kaboni asilimia 2 hadi 4, na hiyo kaboni ndiyo inayokifanya kisikubali kukunjwa. Ukikidondosha sakafuni kinavunjika. Ukimwagia maji kikiwa na moto kinaweza kupasuka. Kukiunga tena ni kazi: kuchomelea kwa waya wa kawaida hupasua pembeni mwa kovu, inatakiwa waya wa nikeli au kuunga kwa shaba, na gharama yake inapita thamani ya pasi. Kwa hiyo natazama bawaba ya nyuma, natazama pembe za matundu ya hewa, ndiko nyufa zinakoanzia. Kisha nafungua na kufunga kifuniko. Jogoo akikosekana si msiba, kuna wanaoweza kumchonga. Bawaba ikivunjika, naiacha.

Kitu cha mwisho ni uso wa chini. Kutu ya juu juu inatoka. Vishimo havitoki, na kishimo kimoja chenye ukingo mkali kinatosha kuvuta uzi wa kanzu ya poplini, ukalipa kanzu nzima.

Nikifika nyumbani naanza na mpini, yaani kuutoa. Usilowanishe pasi na mpini wake kwenye siki ya kutolea kutu. Siki inaharibu mbao, na nati inazidi kung'ang'ania. Nadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, naacha hadi kesho yake, kisha naigusa nati kwa spana taratibu, pasi nimeilaza juu ya gunia. Usiigonge kwa nyundo ikiwa hewani. Usiwashe moto mkubwa ukaitupia humo ili "kutu iungue". Chuma kinapinda, kinabaki na wekundu ambao mafuta hayashiki.

Siki nusu, maji nusu, ndani ya ndoo ya plastiki. Nachungulia kila baada ya saa chache, kwa maana siki ikimaliza kutu haijui kusimama, inaanza kula chuma kizima. Natoa, nasugua kwa brashi ya waya, nasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, halafu mbio jikoni. Mbio kweli. Kwa hewa hii ya chumvi, chuma kilichobaki uchi na unyevu kinaanza kuwa na rangi ya chungwa kabla hujatafuta kitambaa. Kikikauka juu ya jiko ndipo napaka mafuta ya alizeti nje, kidogo, nayafuta kama vile nimeyapaka kwa bahati mbaya, narudisha kwenye moto mpaka yaache kutoa moshi. Narudia mpaka kiwe cheusi. Watu wananiuliza kwa nini si mafuta ya nazi na nazi tunazo. Ya nazi hayagandi vizuri kwenye chuma, yanabaki kunata. Ya alizeti hushikana yakawa ngozi ngumu. Ndani sipaki kitu, moto utayala.

Na chini kabisa, kule kunakogusa nguo, mafuta ya alizeti ni marufuku. Hapo ni msasa. Nalaza msasa juu ya kipande cha kioo kinene, natia mafuta ya taa, nasukuma pasi mbele na nyuma, nikianzia namba 80 kwenda 120, 240, hadi 400. Kioo ndicho kinachosema ukweli: baada ya misukumo michache sehemu zilizoinuka zinang'aa na zilizobonyea zinabaki nyeusi, unajua kazi iliyobaki. Nikimaliza naipasha moto kidogo, napitisha nta ya nyuki, naifutia kwenye khanga kuukuu mpaka isiache alama.

Sasa mpini, maana hapa ndipo tunapogombana na mzee anayenikerezea. Yeye kazi yake ni miguu ya vitanda, upande wa Makorora.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea tena mifupa?"

Yeye anataka mpingo. Anasema kitu cha zamani kinastahili mpingo. Namwambia baba, mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama, na mbao nzito namna hiyo hupitisha joto haraka kuliko nyepesi. Uzuri wake utauona wewe, kiganja kitakachoungua ni changu. Mimi nataka mtiki. Vipande vinavyobaki kwa maseremala vinatosha, maana msitu wa kupandwa wa Longuza uko Muheza hapo. Mtiki una mafuta yake, wadudu hawaupendi, hautanuki na kusinyaa sana. Mninga nao sina neno nao. Mwembe sikubali, utatobolewa na wadudu.

Ninachosisitiza kwake ni tundu. Bolti inapita katikati ya mpini kutoka nguzo moja hadi nyingine, na tundu lisiibane. Mbao inajongea ikipata joto, chuma nacho kinatanuka. Ukibana kote kote, mpini utapasuka kwa urefu siku ya kwanza ya kazi. Na katikati pawe na tumbo. Mipini ya zamani ina tumbo hilo kwa sababu kiganja kinajaa, hukazi vidole. Mpini ulionyooka unachosha mkono kabla ya kanzu ya pili.

Ikiwa wa zamani umeungua kidogo tu, siutupi. Navunja kioo, nachukua kipande chenye ukingo ulionyooka na kukwangua ule weusi taratibu, unatoka kama unga mwembamba, na chini yake unakuta mbao yenye rangi ambayo dukani hainunuliki. Vanishi sipaki, inalainika kwa joto na kutoa malengelenge. Napaka mafuta ya kitani, nafuta yote yaliyozidi. Vitambaa vya kufutia navianika juani kimoja kimoja, usivirundike ndani. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti.

Tukiwa kwenye mipini: aliyelifikiria sana suala la kiganja ni mama mmoja wa Iowa, Marekani, Mary Florence Potts. Mwaka 1871 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya pasi yenye mpini wa mbao unaochomolewa. Pasi zenyewe hazibebi makaa, zinakaa jikoni zikipata moto, wewe unahamisha mpini kutoka iliyopoa kwenda iliyo tayari. Pasi ya umeme, ya Henry Seeley wa New York, ilipata hataza yake 1882. Huyu mama hakungoja umeme.

Ya kwetu inabeba moto tumboni, kwa hiyo moto wenyewe uchague. Natumia makaa ya vifuu vya nazi. Yana joto kali na majivu machache, na majivu ndiyo adui wa kanzu nyeupe. Nayawasha kwenye jiko mpaka yawe mekundu yote ndipo nayahamisha. Kipande ambacho hakijashika vizuri kitatoa moshi na cheche. Kisha nabembeza pasi nje ya baraza hewa iingie kwenye matundu. Na kazi yote ni barazani. Usijifungie nayo chumbani na madirisha yamefungwa, hewa ya makaa inaua na haina harufu. Joto nalipima kwa kitambaa chenye unyevu, pasi haina kitufe cha kupunguza. Kitambaa cha tetroni (polista) usikisogelee nayo kabisa.

Majuzi alikuja mtu wa hoteli moja, anataka pasi za kupamba mapokezi. Atazipaka rangi ya dhahabu, atapandia maua. Nikamtolea zile zenye nyufa, ambazo watu huniletea nikashindwa kuwarudishia bila kuwavunja moyo. Akataka nizisugue chini zing'ae. Nikamwambia kaka yangu, msasa nao unanunuliwa, na ua halivai kanzu. Akacheka, akachukua nne kwa elfu ishirini kila moja. Zile nzima zimebaki uvunguni, nazo ziko elfu hamsini, mkaa ujiletee.