Bati hufungwa kwa pesa ya korosho

Minada imeanza. Huku kwetu bonde la Lukuledi, upande wa Mingoyo mkoani Lindi, kila nyumba inahesabu kilo zake na kuzipangia matumizi kabla hata hazijafika ghalani. Mimi malipo ya kwanza ya mwaka huu nimeyapangia paa, madumu manne ya maji, na ndoo moja kubwa yenye mfuniko wa kukaza. Dada zangu wameniuliza nimepatwa na nini. Jibu langu ni vimbunga, nalo ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika.

Tazama tarehe. Kimbunga cha mwaka 1952 kiliingia Lindi tarehe 15 Aprili. Kenneth kilitua Msumbiji, kusini ya Mtwara, tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilitukaribia mwishoni mwa Aprili 2021, kikaishiwa nguvu. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote vinne vimeangukia majuma matatu yale yale, na majuma hayo ndiyo mkulima wa Kusini hana kitu mfukoni. Pesa ya korosho imekwisha zamani, ufuta bado uko shambani, na ardhi imekunywa maji tangu Disemba hadi haipokei tena. Tangazo la redio likikukuta hapo, misumari ya bati utaikopa kwa nani?

Bibi yangu mwaka ule wa 1952 alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Anachosimulia sana si upepo wenyewe, bali ule ukimya. Anasema upepo ulinyamaza ghafla, watu wakatoka nje kutafuta mbuzi na kuokota makuti, kisha ukarudi kutoka upande wa pili ukawakuta uwanjani. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi ya kutuweka ndani. Baadaye nikasoma kuwa katikati ya kimbunga pana jicho, mahali patulivu, na jicho likishapita upepo hugeuka. Bibi hakusoma popote. Aliyaona.

Mwaka 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha juu ya Kenneth, Mtwara shule zikafungwa, na sisi tukabeba magodoro kwenda kulala kwa ndugu mwenye nyumba ya tofali na zege. Kikapita. Asubuhi tulirudi na magodoro kichwani, na wengi, mimi nikiwamo, tukasema tumesumbuliwa bure.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mwenye moyo kama wangu wa wakati ule anisikilize. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikitua kusini yetu, Msumbiji, upepo unaotufikia unatoka bara kwenda baharini. Kikipita kaskazini yetu, upande wa Mafia, unatujia kutoka baharini moja kwa moja, umebeba maji. Kwa hiyo usalama wa Kenneth haukuwa ahadi kwa Hidaya. Nilipima kimbunga kimoja kwa kingine, navyo havikuwa na njia moja.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ile ya Mei 2024 nililala nyumbani. Saa tisa usiku bati tatu za jikoni ziling'oka. Ziliinuka kwanza, zikapiga makofi, kisha zikaenda. Mpunga wa viroba viwili niliokuwa nimeuweka chini, kwenye mkeka, ulilowa wote. Kadi ya kliniki ya mtoto ikageuka uji. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga kule Kilwa, kaka yangu akakwama njiani na mzigo wa duka, nasi tukakaa siku kadhaa tukila makopa. Kuna waliopoteza zaidi yetu, hilo nalijua vizuri.

Fundi aliyekuja kurekebisha jiko alinionyesha kitu ambacho ningependa kila mwenye nyumba ya bati akione. Upepo haulisukumi paa kutoka juu. Unaingia chini ya upenu na kulinyanyua. Bati zangu zilipigiliwa vizuri kwenye papi, zile mbao zinazobeba bati, papi kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao ya paa, lakini kenchi zilikalia ukuta tu kama chungu kwenye mafiga. Hazikufungwa na kitu. Sasa kila kenchi imefungwa kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta kozi tatu, na kwenye upenu misumari imeongezwa maana ndiko bati huanza kufunuka. Nyumba kubwa bado. Ndiyo kazi ya pesa ya mwezi huu. Mwenye nyumba ya makuti naye asikate tamaa. Kamba nzuri kutoka kwenye boriti hadi kwenye nguzo zilizochimbiwa chini hufanya kazi ile ile.

Mengine ni madogo. Mpunga unakaa juu ya uchaga. Mwembe uliokuwa umelalia choo tumeupunguza matawi. Madumu yanajazwa Aprili yote, kwa sababu mafuriko yakichanganya choo na kisima, kipindupindu hakiko mbali. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, simu ikizimika niikumbuke nikiazima ya jirani. Na watoto nimewafundisha maneno matatu ya Mamlaka kwa mpangilio wake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Watu wengi huyasikia kama neno moja. Kwetu sisi, ikitajwa tahadhari kwa Lindi, Bibi anahama siku hiyo hiyo, kungali mchana.

Maana Bibi hatembei tena zaidi ya uwanjani, na hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko paa. Nimekwenda kwa kijana wa bodaboda wa jirani, tumekubaliana, na mwenyekiti wa kitongoji anajua. Boda ikishindwa kwa tope, shemeji zangu wawili watambeba kwa kitanda cha kamba. Tulijaribu Jumapili iliyopita, kutoka mlangoni hadi kwa ndugu yetu mwenye nyumba ya zege. Alilala kitandani ameshika pindo la kanga, hakusema neno njia nzima.

Jioni nilimfungulia ile ndoo aone kilichomo: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya watoto, kadi mpya ya kliniki, dawa zake za presha, tochi, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni. Akachungulia, akahesabu kwa kidole.

"Mjukuu wangu, sanda yangu iko wapi?"

Nikamwambia iko juu ya kabati. Akaniambia niilete. Tuliikunja upya pamoja, tukaiweka chini kabisa ya ndoo, halafu vyeti juu yake, nikakaza mfuniko.