Tiketi ya chama na kura ya mbunge wangu

Nina duka la M-Pesa Nakuru, na tangu Juni 2024 nafuatilia kura za bungeni kuliko hata mpira. Tarehe 20 mwezi huo, Mswada wa Fedha wa Kenya, ule wa kodi mpya, ulipita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Siku tano baadaye, vijana wakiwa wamejaa barabara za Nairobi kuupinga, ukapita tena hatua ya tatu, 195 kwa 106. Waliosema ndiyo walipungua tisa, na waliosema hapana wakapungua tisa vilevile!

Simu za waheshimiwa wabunge zilikuwa zikiita usiku na mchana, wananchi wakiwataka waukatae. Mbona wengi hawakutetereka? Mimi naona waliogopa kunyimwa tiketi ya chama ya kugombea tena kuliko walivyotuogopa sisi wapiga kura. Kwenye ngome ya chama, mchujo wa wagombea ndani ya chama ndio uchaguzi wenyewe. Ukikosana na wakubwa, umekwisha hata kabla ya kampeni.

Wiki hiyo mama mmoja muuza mboga aliniomba namba ya mbunge wetu. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: "Mheshimiwa, 2027 tutaonana." Akanipa simu nimsahihishie. Sikugusa hata herufi; 2027 ni mwaka wa uchaguzi.

Tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Wabunge waliouunga mkono wakaachwa na kura zao, majina yameshasambaa kila mahali, na baadhi wakaanza kuomba radhi.

Ninachotaka ni orodha ya kura za kila mswada wa kodi ibandikwe mlangoni pa ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, tuisome tukienda kuomba basari za watoto.