Wingu la nyumbani: nodi tatu, UPS moja na uniti za LUKU

Lengo ni maabara ya kujifunzia: klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja) yenye nodi tatu, yaani kompyuta tatu, zinazotumia Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), na juu yake OpenStack, programu ya kujenga wingu, ndogo ya majaribio. Hadi sasa klasta imesimama, mashine pepe zinanakiliwa kutoka nodi hadi nodi, na OpenStack inajibu. Nakala rudufu bado.

Mashine

Seva kubwa za mtumba zinapatikana mjini kwa bei ya kutamanisha, ila kelele na joto lake havifai nyumba ya kupanga. Zimechukuliwa Dell OptiPlex 7050 Micro tatu, kila moja na Core i5-7500T, kore nne, wati 35. RAM imepandishwa hadi GB 32, vijiti viwili vya DDR4 SO-DIMM vya GB 16; bodi hiyo haipokei zaidi. Diski ya SATA ya GB 240 inabeba mfumo, NVMe ya GB 500 inabeba mashine pepe.

Ukienda Kariakoo kutafuta mashine kama hizi, angalia adapta kabla ya kutoa hela. Dell husoma utambulisho wa adapta kupitia pini ya katikati ya plagi. Ukiunganishiwa adapta ya kubahatisha yenye volti sahihi, kompyuta inawaka, Windows inafunguka, muuzaji anakuonyesha kila kitu kiko sawa, kumbe prosesa imebanwa kwenye takriban MHz 800. Onyo linatokea sekunde chache tu wakati wa kuwasha. Kwenye Linux hakikisha kwa `grep MHz /proc/cpuinfo` huku mashine ikiwa na kazi. Namba isipopanda, tatizo ni adapta.

Betri ya CR2032 badilisha bila kujiuliza. Ikiisha, kila umeme ukikatika BIOS inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani na saa inarudi nyuma miaka. Hapo `apt`, amri ya kusasisha programu, inaanza kulalamika kwamba faili za hazina (ghala la programu) bado hazijafikia tarehe yake, na vyeti vya usalama vinakataliwa. Mtu anaweza kuhangaika na mtandao siku nzima kwa kosa la betri ndogo kama kitufe.

Kwenye BIOS: washa Virtualization na VT for Direct I/O, kisha AC Recovery iwe Power On, ili mashine ziwake zenyewe umeme ukirudi.

Kusimika klasta

Proxmox VE 8 imejengwa juu ya Debian 12. Ukimaliza kusimika, `apt update` itakupa kosa la 401, kwa sababu hazina ya enterprise inahitaji usajili wa kulipia. Zima hiyo pamoja na ile ya Ceph (programu ya kuunganisha diski za nodi zote kuwa hifadhi moja), weka `pve-no-subscription`, ndipo uendelee. Majina na anwani za IP za nodi ziamue kabla ya `pvecm create`, amri ya kuunda klasta, maana kuzibadilisha baadaye ni kazi ya kukesha.

Kadi ya mtandao ya mashine hizi, Intel I219-LM, ina ugonjwa unaojulikana: mzigo ukiwa mkubwa inaganda, na kwenye logi unasoma "Detected Hardware Unit Hang". Nodi inapotea sekunde kadhaa, kisha inarudi. Dawa:

`ethtool -K eno1 tso off gso off`

Iweke kama `post-up` ndani ya `/etc/network/interfaces`, la sivyo inapotea ukiwasha upya. Jina la kadi thibitisha kwa `ip link`.

Swichi ni TL-SG108E ya milango minane, inayoelewa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa juu ya swichi moja. VLAN 10 ni ya usimamizi na Corosync (mazungumzo ya nodi zenyewe), 20 ya mashine pepe, 30 ya OpenStack. Daraja `vmbr0`, swichi ya kiprogramu ndani ya nodi, limewekwa VLAN aware. Ruta ya nyumbani imeachwa nje ya klasta makusudi. Ukiigeuza kuwa mashine pepe, kila jaribio lako litakuwa kesi na watu wa nyumbani.

Uhifadhi ni ZFS, mfumo wa faili, kwenye NVMe, na replikesheni (kunakili diski za mashine pepe hadi nodi nyingine) kila dakika 15. Ceph haikuchaguliwa. Kwa mtandao wa gigabiti 1 (kama MB 110 kwa sekunde) na SSD za kawaida zisizo na kinga ya kukatika umeme, uandishi wake unakuwa mzito, na kila OSD (huduma ya Ceph inayosimamia diski moja) kwa kawaida inajipangia GB 4 za RAM. Anayetaka kuijifunza aisimike ndani ya mashine pepe tatu, aivunje apendavyo.

Umeme

Hapa ndipo kazi ilipo. Mashine zote na swichi, kwa matumizi ya kawaida, ni kama wati 60. Zikiwaka saa 24 kwa siku 30 ni uniti 43. Kwa mwenye mita ya D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo wa majumbani, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, maabara imekula zaidi ya nusu kabla ya friji. Kwa hiyo nodi ya tatu yenye OpenStack inazimwa isipohitajika. Mbili zilizobaki bado ni wengi kati ya tatu, klasta haitetereki.

Swichi nayo iingie kwenye UPS, betri ya akiba. Ikiachwa kwenye soketi ya ukutani, umeme ukikatika nodi zinabaki hai lakini hazisikilizani. Kila moja inajiona iko peke yake, akidi inakosekana, `/etc/pve`, folda ya mipangilio ya klasta, inakuwa ya kusomwa tu, na nodi yenye huduma za HA (zinazohamia nodi nyingine moja ikianguka) inajiwasha upya yenyewe baada ya kama dakika moja. UPS inafanya kazi yake, na bado klasta imeanguka.

UPS imeunganishwa kwa USB na nodi ya kwanza, inayoendesha NUT, programu ya kusimamia UPS, kama primary. Nyingine ni secondary kupitia mtandao. Usingoje ishara ya betri kuisha, maana UPS za bei nafuu hukisia chaji vibaya, na joto la Dar linachosha betri mapema. Tumia `upssched`, kipima muda cha NUT: dakika tano bila umeme, anza kuzima. Weka `qemu-guest-agent` ndani ya kila mashine pepe ili izimike kistaarabu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Umeme ukirudi nodi zikiwa katikati ya kuzimika, UPS haijawahi kukata umeme kwao, hivyo AC Recovery haina cha kugundua na zinabaki zimezimwa. POWERDOWNFLAG ya NUT iwekwe sawasawa, ili UPS iambiwe ikate kisha irudishe.

OpenStack

Imesimikwa kwa Kolla-Ansible, zana ya kusimika OpenStack, kila kitu kwenye mashine pepe moja: RAM GB 16, vCPU 4, diski GB 80, kadi mbili za mtandao, aina ya CPU `host`. Kwenye nodi, `/sys/module/kvm_intel/parameters/nested` isome Y, ili mashine pepe iweze kuendesha mashine pepe nyingine ndani yake. Kadi iliyotajwa kwenye `neutron_external_interface` isipewe IP. Kama umewasha ngome ya Proxmox, zima MAC filter kwa mashine hiyo, kwani pakiti za Neutron, sehemu ya mtandao ya OpenStack, zinatoka na MAC (anwani ya kadi) ngeni na zinatupwa kimyakimya. Floating IP (anwani ya kuifikia mashine kutoka nje) inaonekana imepangwa ila haijibu ping. Piga snapshot kabla ya `deploy`, na pakua imeji ukiwa na bando lisilo na kikomo.

Kilichobaki

Proxmox Backup Server haitakaa ndani ya klasta inayoilinda. Imepangiwa kompyuta ya zamani yenye diski ya TB 2, itakayoamshwa usiku kwa Wake-on-LAN (kuwasha kompyuta kupitia mtandao), ipokee nakala, ijizime.