Nalipwa kuweka "the" na kuifuta

Saa 11 na nusu alfajiri nimeshawasha laptopu, sijanawa hata uso. Kurasa ngumu nazifanya saa hizi, mtoto akiwa amelala na kichwa kikiwa bado hakijajaa kelele za mashine ya fotokopi. Nasahihisha Kiingereza cha tasnifu na ripoti za wanachuo hapa Morogoro. Nasahihisha, siandiki. Mtaani wameshakubaliana kwamba nawaandikia watu digrii, na mama mmoja jirani aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninayo "moja iliyokwisha" ya mwanawe. Laiti angejua. Sehemu kubwa ya siku yangu inaliwa na vineno vitatu: "a", "an" na "the". Naviweka, navifuta, navirudisha. Shilingi 500 kwa ukurasa.

Leo naanza na binti anayesomea mambo ya ufugaji. "Livestocks" mara 19 kwenye sura moja. Simcheki. Kwetu ni mfugo mmoja, mifugo mingi. Atajuaje kwamba Kiingereza kinalikusanya zizi zima kwenye neno moja lisilotiwa "s"? Amesoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kidato cha kwanza akakuta biolojia, jiografia na historia zimegeuka Kiingereza kwa mkupuo, na hakuna aliyekaa naye chini kumwambia kwamba lugha hizi mbili hazihesabu vitu kwa namna moja.

Saa 1 chai, mtoto shule, bodaboda. Saa 2 niko mezani. Meza yenyewe naikodi ndani ya steshenari ya mtu, kati ya friji ya soda na fotokopi. Hadi saa 4 nimemaliza barua mbili za maombi ya kazi na prapozo ya kurasa 12 ambayo mwenyewe aliipitisha kwenye programu ya akili mnemba. "The" zote zilikuwa mahali pake, ila wilaya ya Kilosa ilikuwa imehamishiwa ufukweni mwa bahari. Hiyo nimemrudishia, si kazi yangu.

Saa 4 na dakika kama 20 akaingia kaka mmoja, mtu mzima, afisa wa serikali anayesoma shahada ya uzamili. Kurasa 96 kuhusu mahindi na mbolea, alizileta wiki iliyopita akaacha shilingi 20,000. Mkononi ana nakala iliyotoka kwa msimamizi wake, ambaye aliandika pembeni kwa wino mwekundu, kurasa 11 tofauti, neno moja tu: "ENGLISH!!!" Hakusema Kiingereza kipi wala kina nini. Salamu ya kaka ilikuwa fupi. Akavuta kiti, akafungua ukurasa wa 28.

"Dada, hapa umenifutia 'equipments' tano. Vifaa nilivyotumia vilikuwa vingi. Nina risiti."

Nikamwambia najua vilikuwa vingi, kaka, lakini "equipment" kwao haipokei wingi, ni kama unga kwetu.

"Unga? Mashine ya kupima unyevu ni unga?"

Nikamuuliza kama ameshawahi kwenda dukani akaomba unga wawili. Hajawahi. Anaomba kilo mbili za unga. Basi na wao husema "two pieces of equipment". Kipimo ndicho kinachohesabiwa, kitu chenyewe kinakaa kimya. "Furniture" ni hivyo hivyo, na "luggage", na "information", ambayo inatutesa zaidi kwa sababu sisi tuna taarifa moja, taarifa mbili, taarifa ya saa 2 usiku. Kitu ni kilekile, lugha ndiyo imeamua vingine. Ila "advice" tumeelewana nao: ushauri hauna wingi huku wala huko. Na bado watu wanaandika "advices", sijui kwa nini.

Hakushawishika. Akafungua ukurasa mwingine. "Na 'maizes' je? Mahindi yanahesabika. Nimeyahesabu mwenyewe shambani, mstari kwa mstari."

"Ulihesabu nini, kaka? Punje, au mashina?"

"Mashina."

"Basi andika 'maize plants'. Utayahesabu mpaka uchoke."

Kijana wa fotokopi akacheka, na hapo nikajua nimeharibu. Kaka akanyamaza kama dakika nzima anafunua kurasa, anatafuta. Akakipata alichokuwa anakitaka. Ukurasa wa 40, sentensi yangu mwenyewe niliyoipitisha: "Three fertilizers were compared". Akaiwekea kidole. Hapo "s" imebaki, wakati kurasa tatu nyuma nimemfutia "s" kwenye "fertilizers" hiyohiyo. Je, nilisinzia? Au nahesabu kurasa tu nipate hela?

Swali hilo sikulichukia, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Ukurasa wa 37 alikuwa anasema mbolea iliwekwa shambani: ni kitu kinachomwagwa, kama mchanga, hakina moja wala mbili. Ukurasa wa 40 alikuwa analinganisha DAP, urea na CAN. Pale si mbolea tena, ni aina za mbolea, na aina zinahesabika. Neno halijabadilika, alichokuwa anakisema ndicho kimebadilika. Ni kama kahawa: ipo kahawa inayolimwa Mbinga, na zipo kahawa mbili unazomwagiza mhudumu.

Akatikisa kichwa. Si cha kukubali, cha kuhifadhi. Kisha akataka kujua "a" inatoka wapi hasa, manake alifundishwa tu "kwa vitu visivyojulikana". Mwalimu aliyesema hivyo ametupa kazi nchi nzima. Nikamwambia "an" ndiyo ya zamani, na asili yake ni moja na ile "one": maana yake moja. Ndiyo maana haikai mbele ya kitu kisichohesabika, utakuwa unasema "moja taarifa" kwa mtu asiyehesabu taarifa. "The" nayo ni ndugu wa "that": ile, yule, lile. Sisi kazi hiyo tunaifanya ndani ya kitenzi bila kujijua. Ukisema nimenunua jembe, hatujui lipi. Ukisema nimelinunua jembe, mkeo anajua ni lile mlilokuwa mnalizungumzia jana.

"Nimelinunua," akarudia polepole. "Kumbe."

Nikaona nimtoe na la mwisho, maana lilikuwa zito kuliko "s" zote. Aliandika "Few farmers applied manure". Nikamuuliza ni wangapi. 41 kati ya 120. Basi "few" ikiwa peke yake inamaanisha wachache mno, karibu hakuna, na inalalamika. "A few" ni wachache, lakini wapo. Kiswahili chetu kinasema "wachache" kote kuwili, tunaachia sauti imalizie. Msimamizi wake alikuwa ameandika kwa penseli pale pembeni: kama hakuna anayetumia samadi, hii sura ya tano inazungumzia nani? Herufi moja. Kaka aliitazama ile penseli muda mrefu.

Alipoondoka ilikuwa karibu saa 7. Saa mbili na nusu nzima kwa mteja mmoja tuliyekwishapatana bei, na bado hajamalizia kulipa. Watu wawili walikuwa wamenisubiri wakachoka.

Nikala wali maharage kwa mama ntilie wa pale nje. Hapa huwa najisifu kidogo: mpunga shambani, mchele gunia, wali sahani, sisi tuna majina matatu na Mwingereza mara nyingi anaishia na "rice". Mama ntilie nimeshamsimulia mara nyingi, anasema "haya mwalimu" na kuniongezea mchuzi.

Saa 8 umeme ukakatika. Betri yangu inashika dakika 40 nikipunguza mwanga. Zilipoisha nikachukua kalamu na kuendelea kwenye karatasi za binti wa mifugo. Kwenye karatasi huwezi kuandika "the" halafu ukabadili mawazo mara nne bila aibu kuonekana. Milima ya Uluguru inapokea "the", Mlima Kilimanjaro haupokei. Bahari ya Hindi inapokea, Ziwa Victoria halipokei. Kuna mvulana alisimama hapo akaniuliza sababu, nikamjibu milima ikiwa mingi inapewa, ukiwa mmoja haupewi, na maziwa wameamua tu. Nilikuwa nimechoka. Mbele ya "university" ni "a", mbele ya "hour" ni "an", sikiliza usisome, nimesema hivyo leo mara ngapi sijui.

Umeme umerudi giza likiingia, na foleni nayo. Mmoja anataka ikisiri yake kabla ya saa 6 usiku, anasema ni "kaukurasa kamoja tu". Mgongo unauma mahali pale pale. Nikafunga, nikapanda daladala, mtoto kashakula kwa bibi yake.

Saa 4 kasoro usiku simu inaita. Ni kaka wa mbolea.

"Dada, ukurasa wa 71. 'An SACCOS'."

Nafungua. Ni kweli. SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, haitamkwi herufi kwa herufi, tunaisoma kama neno, kwa hiyo ni "a". Nimefundisha sauti mchana kutwa na hii imenipita. Namwambia samahani kaka, narekebisha sasa hivi. Anasema haina neno, ananitumia salio usiku huuhuu. Nilikuwa namdai 28,000.

Meseji imeingia: 27,500. Ukurasa wa 71 ameukata.