Tulivyokwenda kutafuta kisiwa cha kuhamia

Mke wangu alikubali tuhame Dar es Salaam kwa sharti moja: tusichague kisiwa kwa picha. Twende tukalale huko na watoto, tuone maji yanavyopatikana na jioni inavyokuwa, ndipo tuseme neno. Mimi ni fundi wa mashine za boti, yeye anashona. Kazi zetu zinabebeka. Kisichobebeka ni kifua cha binti yetu wa miaka miwili, ambaye pumu humshika zaidi usiku. Kaka yake ana sita, na shida yake kubwa ilikuwa kama huko kuna papa.

Tulianza na Mafia kwa sababu moyoni nilishaichagua. Februari, alfajiri, tukashika barabara ya Kilwa, tukapita Mkuranga, tukakunja kushoto Bungu hadi Nyamisati. Pale anayepanga ratiba ni maji. Tuliketi kwenye mizigo tukingoja yajae, kisha boti ikajipenyeza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na ghafla mikoko ikaisha tukawa baharini. Mwendo wa saa nne hivi hadi Kilindoni. Mdogo alilala njia nzima.

Mafia ilinifanyia kusudi. Siku ya pili nahodha mmoja alitupeleka nje kidogo tu ya Kilindoni, na papa potwe akapita chini ya boti yetu, madoa meupe mgongoni, mrefu kuliko boti yenyewe. Huwa wanakuja hapo kati ya Oktoba na Machi. Mwanangu alikosa maneno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tukaenda Utende, tukavuka hadi Chole kuona popo wakubwa walioning'inia mchana kweupe, na Juani kwenye magofu ya Kua. Upande huo wote umo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini, kwa hiyo hata nanga hutupi popote unapotaka. Mimi nilikuwa nahesabu mashine za boti. Zilikuwa nyingi, na mafundi niliowaona hawakuzidi wawili. Kisiwa kiko chini ya Mkoa wa Pwani, maana yake shule ya kijana isingebadilika mfumo, na mambo ya ardhi yangefuata sheria zilezile tulizozizoea bara. Sensa ya 2022 iliikuta wilaya nzima na watu 66,180. Nikamwambia mke wangu, hapa ndipo.

Hakunijibu. Jioni alikwenda kununua mafuta ya taa, maana umeme ulikuwa umekatika (Mafia haijaungwa na gridi ya taifa), na dukani akamuuliza mama muuzaji swali ambalo baadaye aliliuliza kila tulikofika: "Dada, mtoto akizidiwa saa nane usiku, na hospitali ya hapa ikasema apelekwe mbele, mnafanyaje?"

Yule mama alikuwa akipima mafuta. Akamaliza kupima kwanza. "Tunasubiri kupambazuke. Bahari ikikubali, boti. Ukiwa na uwezo, ndege."

"Na mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba kuna upepo wa kusi, mdogo wangu. Hapo unasubiri zaidi."

Usiku ule sikubishana naye. Niliwaza namna ya kubishana, hilo nakiri. Nilipanga hoja zote, pamoja na kwamba watoto wa Mafia wanakua kama wengine. Kisha binti akakohoa mara mbili upande wa pili wa chandarua, nikajikuta nahesabu saa zilizobaki kufika asubuhi.

Unguja nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa wengi mnaijua. Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na shemeji yangu anakaa Bububu, kwa hiyo tulipokewa kifalme. Swali la mke wangu lilipata jibu la haraka: Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo, barabara ipo, huvuki popote. Malaria nayo Zanzibar imeshushwa hadi chini ya asilimia moja, na kwa mama mwenye mtoto mdogo hilo si jambo la kupuuza. Lakini Nungwi kila mnazi una fundi wa mashine chini yake, na nyumba za pwani zinapangishwa kwa hesabu za mgeni. Tulipoulizia za mjini, tukajikuta tunarudi kwenye foleni na kelele zilezile tulizokuwa tunazikimbia. Shemeji aliudhika kidogo. "Mnatafuta kisiwa au mnatafuta pango?" Sikuwa na jibu zuri.

Yeye ndiye aliyetuambia twende Pemba, nadhani kwa hasira.

Tulipanda meli ya usiku. Mkondo wa Nungwi ulianza kutuyumbisha, abiria wakanyamaza, na mimi nikakumbuka nisichotaka kukumbuka: meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 10, 2011, njia hii hii, na mamia ya watu. Mke wangu alimfunga mdogo kifuani kwa kanga mbili. Mzee aliyeketi karibu nasi alituona, akasema tu, "Ni mkondo, mwanangu. Utapita." Mfereji kati ya Pemba na bara ni wa kina kirefu mno, tofauti na bahari ya Mafia au Unguja, na ukiwa fundi wa boti maarifa ya namna hiyo hayakusaidii kulala.

Mkoani, mji wa bandari wa Pemba, tuliingia kunapambazuka. Mji umepanda kilimani kutoka gatini, kijani kila upande. Tulikaa siku sita. Nilimsaidia mvuvi mmoja kufungua kabureta iliyojaa chumvi, kufika jioni nikawa na mashine tatu zinazonisubiri. Hasara zake nazijua: sisi ni watu wa bara, kwa hiyo ardhi tusahau, tutapanga. Elimu Zanzibar ina wizara yake na mitaala yake, na kijana ataanza upya kuzoea. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lile, alitupokea vizuri, akatuuliza maswali mengi kuliko niliyotarajia, nami nikayapenda maswali yake, kwa kuwa mtu anayekuuliza unatoka wapi atakumbuka pia kama hujaonekana.

Mke wangu hakumuuliza yeyote swali lake pale. Siku ya nne, saa nane usiku, niliamka nikakuta kitanda kitupu. Kijana alikuwa amelala fofofo. Nilitoka barazani nikasubiri, nikijiambia nisiogope.

Alirudi akihema, mdogo mgongoni, tochi ya simu mkononi. Alikuwa ametembea kutoka mlango wa nyumba tuliyoonyeshwa hadi lango la Hospitali ya Abdalla Mzee, na kurudi.

"Dakika kumi na nne kwenda," akasema. "Kuna mlima hapo katikati. Wewe ukimbeba, kumi."