Nilitaka Kuona Mvuke

Juzi binti yangu alikuwa akiangalia roketi ikiruka kwenye simu, akaniuliza: "Baba, lile bomba wamelichomelea kama unavyochomelea wewe?"

Nikajikuta nipo gereji ya Pasua, Moshi, 1998, siku niliyochomelea jani la springi.

Fundi mkubwa alikuwa ameenda kula. Mteja alitaka chuma cha kuvutia tela kabla ya jioni, nami kwa ujuaji wangu nikaona bamba la kawaida ni legelege. Nikakata jani la springi ya Land Rover. Hiki, nikajisemea, kitavuta mpaka Himo na kurudi. Mshono ukalala kama magamba ya perege. Kisha nikachota maji kwenye ndoo, nikaumwagia. Pssss.

Fundi alirudi akatukuta tunakunywa soda. Tik. Wote tukatazama juu, tukidhani ni bati. Tik, tena. Fundi akavua kofia, akainama, akatega sikio pale kwenye chuma changu kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Hakunigombeza. Akanipa nyundo. "Piga, mwanangu."

Pigo moja tu. Mshono wangu ulibaki mzima. Chuma kilikatika pembeni yake, upana wa kucha kutoka nilipochomelea, na ndani kulimeremeta punjepunje kama sukari.

"Wewe umeshika," akasema. "Yeye ndiye amekataa."

Mteja akarudishiwa hela yake. Mimi nikafagia gereji wiki nzima.

Mtoto nilimjibu kwamba inategemea. Makasha ya zile roketi za pembeni za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, hayakuchomelewa: pete za chuma aina ya D6AC zilisukumwa kwa rola mpaka zikarefuka, vipande vikaunganishwa kwa pini. Wengine walitumia chuma chenye nikeli asilimia 18 na kaboni kiduchu. Kinachomelewa kikiwa laini, halafu kinaokwa kwenye nyuzi 480 hivi ndipo kinakaza. Springi ina kaboni nyingi, ukiipooza ghafla inakuwa kioo. Ila hata hao wa nikeli, 1965 huko Marekani, kasha lao la kipenyo cha inchi 260 lilipasuka likijaribiwa kwa kujazwa maji yenye shinikizo, ufa ukaanzia kwenye mshono. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Sasa kwa nini ulimwagia maji?"

Haraka, nikamwambia.

Uongo. Nilitaka kuona mvuke.